Darajani Bila Daraja



Juzi bibi harusi mmoja alikuja kupima gauni lake, mikono imejaa mifuko ya Darajani. Akaniuliza, "Dada, mbona Darajani hakuna daraja?"

Lilikuwepo. Zamani pale palipita maji ya bahari. Mji Mkongwe ulianzia kwenye rasi ya Shangani, na nyuma yake uliingia mkono wa bahari. Maji yakijaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Upande wa pili wa maji ndio ukaitwa Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja.

Wajenzi wa karne ya 19 walitumia vilivyokuwa karibu. Mawe ya matumbawe yalichimbwa, mengine yakachomwa kwa kuni yakawa chokaa. Boriti zilitoka kwenye mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Tukisifu majumba hayo, tusiwasahau watumwa, wanawake kwa wanaume, waliobeba mawe na chokaa bila hiari yao. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897.

Mkono ule wa bahari ulijazwa kidogo kidogo, na katika karne ya 20, wakati wa Waingereza, ukawa nchi kavu. Sehemu yake ni viwanja vya Mnazi Mmoja, nyingine ni barabara tunayoiita leo Benjamin Mkapa. Daraja likaondoka, jina likabaki.

Yule mwari akacheka, kisha akaniambia kuwa yeye na mchumba wake wamepata kiwanja bondeni kwa bei nzuri, wanataka kukijaza kifusi wajenge. Nikaweka pini chini. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nendeni mkakione siku ya mvua kubwa. Waulizeni wazee maji hupita wapi."

Kwani ukiyazibia maji njia, yataingia kwa jirani, na haki ya jirani katika dini yetu ni nzito. Ardhi ni amana. Wajenzi wa kwanza walichagua, na sisi tunaishi ndani ya uchaguzi wao. Wajukuu zetu wataishi ndani ya wetu.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu utulivu na baraka. Amin.