Kutoka Gari la Sinema Hadi GIF: Picha Zinazotembea Nachingwea na Ruangwa

Mwaka 1832 mwanafizikia wa Ubelgiji, Joseph Plateau, alichukua kisahani cha karatasi ngumu, akakitoboa matundu kandokando, akachora mcheza dansi katika mikao inayofuatana, kisha akakizungusha mbele ya kioo. Aliyechungulia matunduni alimwona mcheza dansi akigeuka, akirudi, akigeuka tena. Simon Stampfer wa Austria alibuni chombo hichohicho karibu wakati uleule, bila kupatana na mwenzake. Mchezo ule haukuwa na mwanzo wala mwisho. Mwanafunzi wa leo mwenye simu angeutambua mara moja: ni GIF, ile picha fupi inayojirudia bila kikomo, ila isiyotumia umeme.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Picha zinazotembea zilipofika kusini mwa Tanganyika zilikuwa mali ya wakubwa. Zilikuja na gari, jenereta, turubai jeupe na mtumishi wa serikali aliyejua vizuri kwa nini ametumwa. Kwa miaka mingi watu wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa wameonyeshwa picha na kupigwa picha, lakini nafasi ya kuzitengeneza wao wenyewe imekuwa haba. Kwa sababu hiyo mradi wa darasani wa kutengeneza GIF, ambao mzazi anaweza kuuona kuwa ni kuchezea simu tu, mimi nauona ni jambo la kihistoria.

Jaribio la kwanza kubwa la kutengeneza filamu za elimu Afrika Mashariki lilifanyika hapahapa nchini, ingawa kaskazini: Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937. Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha zilizotoka zaidi katika Shirika la Carnegie la New York, walitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, posta na akiba. Sauti haikuwa kwenye filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri na kuchezwa sambamba na picha. Waafrika waliigiza, na wengine walifundishwa kazi za maabara. Halafu ufadhili ukakoma, mitambo ikanyamaza, na wale waliokwisha kujifunza wakabaki na ujuzi usio na pa kutumika. Tangu hapo hadithi hii imejirudia mara nyingi katika miradi ya teknolojia nchini.

Baada ya Vugiri mambo yalirudi nyuma. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, na aliyekiongoza, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Kwa hiyo filamu zikatengenezwa taratibu, tukio baada ya tukio, bila hila za kamera, na bila kitu kutokea au kutoweka ghafla. Huo ulikuwa ubaguzi ulioandikwa kama utaalamu. Watu ambao watoto wao walikuwa wakisikiliza hekaya za Sungura, ambamo wanyama hubadilika umbo na wafu husema, waliambiwa hawawezi kuelewa kiinimacho cha kamera.

Wakati huohuo Nachingwea yenyewe iligeuzwa kuwa picha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, ambao mpango wake ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa katika Jimbo la Kusini. Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, na karanga zilionekana dawa. Matingatinga yaliletwa, vikiwemo vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka bandari ya Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilikamilika 1954, wakati karanga zilizokusudiwa kupitia pale zilikwisha kusahauliwa. Filamu za habari za Uingereza zilionyesha mashine zikiangusha miti na porini kukifunguka mashamba. Picha zile zilivutia. Karanga hazikupatikana. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Sijui mfano mwingine nchini mwetu ambao picha na mambo yenyewe viliachana kwa umbali kiasi hicho.

Kusini ilikuwa na mtu wake katika sinema pia. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika Jimbo la Kusini la wakati ule, alifanya kazi na gari la sinema la serikali mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa mwigizaji mkuu wa filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, inayohusu kijana wa shamba anayefika Dar es Salaam na kutapeliwa na wajanja wa mjini. Januari 1962 mwigizaji huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ruangwa nayo ikatoa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliyeteuliwa Novemba 2015. Yeye alitokea ualimu. Natamani wanafunzi wa huko wajue kwamba mmoja wa wakubwa wa nchi hii aliwahi kupata riziki kwa kubeba projekta.

Sura ya Frelimo inafahamika zaidi nje kuliko kwetu. Tangu katikati ya miaka ya 1960 wapigania uhuru hao wa Msumbiji walikuwa na kambi kuu ya mafunzo Nachingwea, kwenye ardhi iliyoachwa na Mradi wa Karanga, na Samora Machel akiwa miongoni mwa walioiongoza. Frelimo walielewa nguvu ya picha kuliko vyama vingi vya wakati wao. Walimkaribisha Dragutin Popović wa Yugoslavia, aliyetengeneza Venceremos. Wakamkaribisha Robert Van Lierop, Mmarekani mweusi, na Margaret Dickinson wa Uingereza, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walivuka Ruvuma na wapiganaji wakiwa na kamera. Filamu za A Luta Continua na Behind the Lines zilizunguka kwenye vyuo na makanisa ya Marekani na Ulaya zikichangisha fedha na huruma. Hapa picha ilitumika kwa haki, na sina ugomvi nayo. Hata hivyo, mwelekeo ulikuwa uleule: kamera ilitoka mbali, na filamu ikaenda mbali kuonyeshwa.

Kisha ukaja ukame wa picha. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara, ikihofia kupoteza fedha za kigeni. Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi. Bara tulisubiri hadi 1994. Katika miaka hiyo mtoto wa Nachingwea alijifunza mfuatano wa picha kwenye karatasi: vibonzo vya Chakubanga vya Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani, lililopita mikononi mwa watu kumi kabla ya kuchanika, likiwa na Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili. Msomaji wa Sani alijua tayari siri yote ya katuni: kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata akili ndiyo inayojaza mwendo.

Nje, mambo yalikimbia. Juni 1987 Steve Wilhite na wenzake wa kampuni ya CompuServe, Ohio, walitoa muundo wa faili walioupa jina la GIF. Shida yao ilikuwa ya kawaida kabisa: wateja walitaka picha za rangi, lakini laini za simu zilikuwa taratibu mno. Kwa hiyo GIF iliwekewa mipaka mikali. Picha haizidi rangi 256. Mahali ambapo rangi moja inajirudia, faili haiandiki kila nukta. Inaandika msimbo mfupi unaosema kipande hiki kimejirudia. Mwaka 1989 toleo jipya liliongeza muda wa kusubiri kati ya fremu na fremu, unaohesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kikaongeza uwezo wa kurudia bila kikomo, na hapo mcheza dansi wa Plateau akafufuka kwenye kompyuta. Mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys ilianza kudai malipo kwa hataza ya namna ile ya kubana faili, watengenezaji wa programu wakachachamaa, na wengine wakabuni muundo mbadala, PNG. Hataza ilikwisha Marekani mwaka 2003. Leo GIF haina mwenyewe wa kumdai mtu shilingi.

Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya laini mbovu kinafaa mahali penye mtandao hafifu. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, lakini kati ya ufukwe na kijiji cha ndani ya Ruangwa kuna mwendo, na bando bado linanunuliwa kwa kubana matumizi mengine. Video ya dakika tano inamaliza kifurushi. GIF ndogo inapita. (Mtaalamu atanikumbusha kwamba zile tunazorushiana kwenye WhatsApp hugeuzwa kimyakimya kuwa video fupi. Ni kweli, ila ufundi wa kuzitengeneza haubadiliki.)

Mpaka wa rangi unatufaa kwa njia nyingine pia. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, jirani na wilaya hizi, na mwaka 1968 akaanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta juu ya mbao za bei nafuu: mnyama mmoja, mandhari wazi nyuma yake, rangi chache zilizokolea. Ukitafuta mtindo wa uchoraji unaobanwa vizuri ndani ya GIF, ni huo. Picha halisi ya kamera yenye vivuli elfu hutoka na mabaka na faili hunenepa. Chui wa Tingatinga hutoka safi na mwepesi. Wakenya waliuona utajiri huo mapema. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kurushwa 2010, ulihuishwa na vijana wa Nairobi. Huko Congo, mhuishaji Jean Michel Kibushi alikwisha kutangulia, akijenga kazi yake juu ya mafunzo ya warsha mjini Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1980. Dar es Salaam lilifuata shirika la Ubongo, ambalo kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza TBC mwaka 2014 kikifundisha hisabati kwa katuni.

Sasa darasani. Vifaa vinavyohitajika ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Kazi inaanzia kwenye kona za daftari: mwanafunzi anachora mpira katika kila ukurasa, ukisogea kidogo, kisha anafyatua kurasa kwa kidole gumba. Mwingereza John Barnes Linnett alisajili hataza ya kijitabu cha namna hiyo mwaka 1868; watoto wetu hukitengeneza kila siku wakati mwalimu anaandika ubaoni. Hatua inayofuata ni simu moja iliyofungwa imara juu ya meza, na punje za korosho zinazosogezwa kidogo kabla ya kila picha. Mkono ukitikisa simu, filamu nzima inaruka. Mwisho ni kompyuta moja yenye GIMP, programu ya bure: kila picha ni tabaka, kila tabaka ni fremu.

Humo kuna hesabu ya kweli. Fremu 12, kila moja ikikaa sehemu 10 za mia za sekunde, ni sekunde moja na nukta mbili. Picha ya pikseli 200 kwa 150 ina pikseli 30,000. Kila pikseli ikiwa baiti moja, fremu 12 ni baiti 360,000 kabla ya kubanwa. Mwanafunzi akipunguza rangi kutoka 256 hadi 16, anaona mwenyewe faili likikonda. Sidhani kama kuna somo jingine linaloonyesha wazi hivyo bei ya kila uamuzi wa mchoraji.

Na mada zimejaa shambani. Mimea mingi hutoa tunda ndipo mbegu ionekane, lakini kwa mkorosho ni kinyume: korosho hukua kwanza, kisha bibo hujaa nyuma yake. Hakuna mchoro mmoja wa kitabuni unaoeleza hilo vizuri. Fremu kumi zinaeleza. Ubwiri unga unavyoenea kutoka ua hadi ua, na salfa inavyouzuia, ni GIF nyingine. Korosho inavyosafiri kutoka kwa mkulima hadi chama cha msingi, ghalani, na mnadani chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ni ya tatu, na wapo watu wazima wengi ambao wangefaidika nayo. Kiganda cha ufuta kikipasuka kabla mkulima hajawahi kukata ni msiba wa sekunde moja, kipimo kamili cha kazi hii.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza umahiri wa kutenda. Sioni haja ya kusubiri maabara ya kompyuta wala mfadhili. Vugiri ilikwisha kutuonyesha kinachobaki mfadhili akiondoka. Mwalimu wa Nachingwea au Ruangwa aliye na simu moja na darasa lenye daftari aanze Julai shule zikifunguliwa, mikorosho ikiwa na maua, apige picha tawi lilelile kila siku mbili, kutoka mahali palepale na saa ileile. Minada ikianza Oktoba, wanafunzi wake watakuwa na GIF ya kuwaonyesha wazazi wao ghalani.