Bawa Lisilo na Mkia

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Leo tutajifunza habari za ndege ya namna ya pekee. Haina mtambo, haina mkia, wala hapana mtu ndani yake. Ni bawa tupu, upana wake mita 1 na zaidi kidogo, nalo huruka mbele ya mlima kwa nguvu ya upepo tu. Mwenyewe husimama chini akiliongoza kwa redio. Ukiliona utasema ni mchezo wa watoto. Lakini elimu iliyomo ndani yake ilipatikana kwa taabu ya miaka mingi, na mwanzo wake ulilipiwa kwa uhai wa mtu.

Maneno mapya ya leo

Mteremko: upande wa mlima au kilima unaoshuka.
Kitovu cha uzito: mahali ambapo kitu kikiinuliwa kwa kidole hukaa sawasawa, hakilali mbele wala nyuma.
Vibao vya usukani: vibao viwili vyembamba nyuma ya bawa, vinavyoweza kuinuka na kushuka.

1. Upepo upandao

Bila shaka umemwona mwewe juu ya ukingo wa kilima. Ametandaza mabawa, hayapigi, wala hashuki. Ni kwa nini? Upepo ukija ukagonga mlima hauna njia ila kupanda. Mwewe anashuka polepole ndani ya hewa ile, lakini hewa yenyewe inapanda upesi kuliko anavyoshuka. Ni kama mtu anayeshuka ngazi huku ngazi yenyewe inainuliwa juu. Elewa jambo hili, maana somo letu lote limesimama juu yake.

2. Mtu aliyejenga kilima chake

Mjerumani Otto Lilienthal, aliyezaliwa mwaka 1848, aliwachunguza ndege kwa miaka mingi. Mwaka 1891 alianza kuruka kwa mabawa aliyoyatengeneza kwa fito na kitambaa. Mwaka 1894 alijenga kilima cha udongo karibu na Berlin, kimo chake mita 15. Alikifanya cha mviringo ili aweze kuruka kuelekea upepo, utoke upande wowote. Aliruka mara 2,000 hivi, na katika vilima vikubwa zaidi alifika umbali wa mita 250.

Lakini Lilienthal hakuwa na usukani wa kutosha. Alining'inia chini ya mabawa, akayaongoza kwa kurusha miguu yake huku na huku, yaani kwa kuhamisha uzito wake. Tarehe 9 Agosti 1896 mabawa yake yaliinuka pua, yakapoteza mwendo, naye hakuwahi kuyarudisha. Alianguka akavunjika mgongo, akafa siku ya pili yake.

Fikiri, ndugu yangu. Mtu huyu hakuwa na njia ya kujaribu ila kwa mwili wake mwenyewe. Kosa lake la mwisho hakupata nafasi ya kulisahihisha.

Huko Marekani ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walisoma habari zake. Wao waliona kwamba kuhamisha mwili hakutoshi, wakabuni njia ya kuyapinda mabawa kwa kamba. Kila mtu anajua kuwa waliruka kwa mtambo mwaka 1903. Wachache wanajua kuwa tarehe 24 Oktoba 1911 Orville alirudi kwenye vilima vya mchanga vya Kill Devil Hills na ndege isiyo na mtambo. Upepo ulikuwa mkali. Alikaa angani dakika 9 na sekunde 45.

3. Mkia unaondolewa

Ndege ya kawaida ina mkia. Kazi yake ni nini? Fikiri mtu aliyebeba mzega begani, mzigo huku na mzigo huku. Mti ukiwa mrefu, mzigo mdogo wa nyuma huweza kuuzuia mzigo mkubwa wa mbele. Mkia ni ule mzigo wa nyuma: hewa huusukuma chini kidogo, na pua haianguki. Basi, ukiukata mkia, nani atafanya kazi hiyo?

Jibu la kwanza lilitoka katika mbegu. Katika misitu ya Java kuna mtambaazi ambao mbegu yake ina ngozi nyembamba pande mbili, upana wake kama sentimita 13. Ikidondoka kutoka juu ya miti hupaa polepole, nayo haina mkia. Igo Etrich wa Austria aliiga umbo lake, na mwaka 1906 mwenzake Franz Wels aliruka kwa bawa kubwa la namna hiyo.

Mwingereza J. W. Dunne alikwenda njia nyingine. Aliyavuta mabawa nyuma mfano wa kichwa cha mshale, akayapinda ncha zake kidogo, hata ncha zenyewe zikafanya kazi ya mkia. Desemba 1910, Orville Wright akiwa miongoni mwa watazamaji, Dunne aliachia usukani angani akaandika maneno kwenye karatasi. Ndege yake ilikwenda sawasawa.

Katika Ujerumani, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwabana sana watu katika kuunda ndege za mitambo. Vijana wakageukia upepo. Kuanzia mwaka 1920 walikusanyika kila mwaka katika mlima Wasserkuppe, wenye kimo cha mita 950, wakashindana. Mwaka 1922 Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa 1. Ndugu Walter na Reimar Horten walianza kwa kuunda mifano midogo, na mwaka 1933 waliirusha ndege yao kamili, bawa tupu lisilo na mkia. Reimar alikuwa na umri wa miaka 18 tu.

4. Redio inachukua usukani

Mwaka 1937, katika Marekani, Ross Hull na Clinton DeSoto walirusha ndege zisizo na mtambo wakiziongoza kwa redio kutoka chini. Vyombo vya siku zile vilikuwa vizito. Transista, iliyobuniwa mwaka 1947, ilivipunguza uzito. Leo mota ndogo ya kusukuma kibao kimoja ina uzito wa gramu 9 hivi, na bawa lenyewe hufanywa kwa povu la plastiki linalonepa, ambalo likianguka haliharibiki upesi.

Hapa ndipo faida ilipo. Lile alilolijaribu Lilienthal kwa mgongo wake, wewe unalijaribu kwa povu.

5. Kuliweka tayari na kulirusha

Bawa fupi ni mzega mfupi: kosa dogo huonekana mara moja. Kwa hiyo anza na kitovu cha uzito. Liinue kwa vidole viwili mahali palipotiwa alama na mtengenezaji. Likilala nyuma, tia risasi kidogo puani. Milimita chache tu nyuma ya alama zatosha kuliangusha.

Kisha inua vibao vyote viwili milimita 2 au 3. Hiyo ndiyo kazi ya mkia. Vibao vikipanda pamoja, pua huinuka. Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, bawa hugeuka. Jaribu kila upande kabla ya kurusha, maana usukani uliofungwa kinyume umevunja mabawa mengi.

Chagua mteremko wenye majani, upepo ukikupiga usoni. Sukuma bawa mbele, sawa na ardhi; usilirushe juu, lisije likapoteza mwendo kama lile la Lilienthal. Geuza daima kuelekea bondeni, usigeuze kuelekea mlima. Wala usiliache lipite nyuma ya kilele, kwa kuwa huko hewa hushuka na kuzunguka ovyo. Tena hakikisha hapana mtu chini yake.

Upepo huo si wa Ulaya peke yake. Karibu na Iten, katika Kenya, juu ya Bonde la Kerio, watu hupaa kwa miavuli mbele ya ukingo ule ule wanakopaa mwewe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Lilienthal alikifanya kilima chake cha mviringo?
2. Bawa lisilo na mkia hupata wapi kazi ya mkia? Eleza kwa mfano wa mzega.
3. Katika kazi yako, ni jambo gani unaloweza kulijaribu kwa kitu kidogo kabla ya kulifanya kwa kikubwa?

Swali la tatu lina faida kuliko yote. Mwalimu na aliache lizungumzwe kwa muda mrefu.