Pumzi ya Injini: Joto, Kimo na Swali la Tabochaja katika Historia ya Ndege kutoka Pwani ya Tanga hadi Nyanda za Juu, 1914 hadi Sasa

1.0 Utangulizi

Pongwe ni kituo kidogo magharibi mwa jiji la Tanga. Hapo barabara ya Tanga–Segera na reli ya zamani ya Usambara hupita karibu na machimbo ya chokaa na mashamba ya mkonge. Katika historia ya uchukuzi Pongwe huonekana kama mahali pa kupitia tu. Kwa makala haya, hata hivyo, mahali hapo pana faida moja ya kiuchambuzi: ni ngazi ya chini kabisa ya mpando mrefu. Uwanja wa ndege wa Tanga uko takriban mita 40 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,390, na ule wa Wilson jijini Nairobi karibu mita 1,690. Anayeruka kutoka Tanga kwenda Arusha au Nairobi hutoka katika hewa nzito yenye joto na kuingia katika hewa nyepesi, na injini yake huihisi tofauti hiyo kabla yake mwenyewe.

Makala haya yanachunguza namna ugumu huo ulivyokabiliwa tangu ndege za kwanza za kivita za mwaka 1914 hadi ndege zinazoundwa na watu binafsi leo. Swali la msingi ni hili: je, kuifungia tabochaja injini ya ndege iliyoundwa nyumbani ni suluhisho la tatizo la hewa ya Afrika Mashariki, au ni kuhamisha tatizo kutoka sehemu moja ya ndege kwenda nyingine? Hoja inayotetewa ni kwamba historia ya eneo hili haiungi mkono urekebishaji wa sehemu moja pekee. Waliofanikiwa walibadili mfumo mzima, au walipima kwanza ardhini kabla ya kuruka.

2.0 Tatizo lenyewe: injini hula hewa

Injini ya pistoni haichomi petroli peke yake. Huchoma mchanganyiko wa petroli na hewa, na nguvu yake hutegemea uzito wa hewa inayoingia katika silinda kila mzunguko. Hewa hupungua uzito kwa sababu tatu: kimo, joto na unyevu. Pwani ya Tanga haina kimo, lakini ina joto na unyevu. Katika nyuzijoto 32 za Selsiasi, hewa ya Pongwe ina msongamano pungufu kwa karibu asilimia 7 ukilinganisha na hewa ya kawaida ya vipimo vya wahandisi, yaani nyuzijoto 15 katika usawa wa bahari. Nairobi, mchana wa nyuzijoto 25, upungufu huo hufikia karibu asilimia 21. Injini iliyoandikwa na kiwanda kuwa na nguvu farasi 100 haitoi nguvu hiyo katika mojawapo ya sehemu hizi mbili.

Upungufu huo hauishii katika injini. Bawa hubebwa na hewa ileile, na rafadha husukuma hewa ileile. Kwa hiyo ndege katika hewa nyepesi hudaiwa mara tatu: injini ina nguvu kidogo, rafadha inavuta kidogo, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka. Tabochaja hulipa deni la kwanza tu. Jambo hili dogo ndilo ufunguo wa matukio yanayofuata.

3.0 Mafundisho ya pwani, 1914–1916

Baada ya manowari ya Kijerumani Königsberg kuizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walihitaji jicho la angani. Rubani wa kiraia Dennis Cutler aliletwa kutoka Durban pamoja na ndege yake ya majini aina ya Curtiss, akaanza kazi Novemba 1914 kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Rejeta ya injini ilivuja, na katika joto la pwani injini isiyopozwa haikuwa na matumaini. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa rejeta ya gari la Ford iliyotafutwa Mombasa na kufungwa katika ndege. Ndege iliruka na manowari ikaonekana. Hata hivyo, kabla Desemba haijafika katikati, Cutler alikuwa amelazimika kutua deltani na kutekwa.

Tukio la rejeta ya Ford linastahili nafasi kubwa zaidi kuliko linayopewa kwa kawaida. Huo ni miongoni mwa mifano ya mapema kabisa katika pwani ya Waswahili ya kifaa cha gari kuhamishiwa kwenye injini ya ndege, na ulifaulu kwa sababu inayoeleweka: rejeta haikuidai injini kazi mpya. Iliirudishia tu hali ambayo injini ilibuniwa kufanyia kazi. Urekebishaji wa kurejesha na urekebishaji wa kuongeza ni mambo mawili tofauti, na mwandishi wa historia ya ufundi akiyachanganya hupotosha somo.

Mwaka 1915 ulithibitisha upande wa pili. Ndege mbili za Sopwith zilizoletwa Februari zilishindwa kupaa kwa mzigo uliotarajiwa, ingawa zilirukia usawa wa bahari. Ndege za Short zilizofuata zilikuwa na injini zenye nguvu zaidi, lakini zilikuwa zimechakaa, na zilipanda kwa shida hadi vimo vilivyoziweka ndani ya shabaha ya bunduki za ardhini. Uamuzi uliofikiwa haukuwa kuzilazimisha injini zilezile zitoe zaidi. Mwezi Juni zililetwa Mafia ndege nyepesi zaidi za nchi kavu, Caudron mbili na Henri Farman mbili, na kiwanja kikatumika badala ya maji. Ndege hizo ndizo zilizoelekeza mizinga ya HMS Severn na HMS Mersey hadi Königsberg ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Kilichobadilika kilikuwa bawa, uzito, injini na mahali pa kurukia, vyote kwa pamoja.

Mwaka 1916 vita vilipanda ngazi. Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, chenye watumishi wengi kutoka Afrika Kusini, kiliweka kambi Mbuyuni, upande wa Kenya karibu na Taveta, kikiwa na ndege za BE2c na Henri Farman. Tanga ilitwaliwa Julai mwaka huo. Kuanzia hapo tatizo la joto la pwani na tatizo la kimo cha bara vikawa tatizo moja.

4.0 Tarehe 27 Februari 1920

Wakati huo huko nje teknolojia ya kuilisha injini hewa kwa nguvu ilikuwa ikikomaa. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo la kutumia gesi za moshi kuzungusha mtambo wa kusukuma hewa mwaka 1905. Auguste Rateau aliliendeleza Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nchini Marekani, Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya Liberty juu ya lori hadi kilele cha Pikes Peak, karibu mita 4,300, mwaka 1918. Injini hiyo ilitoa nguvu farasi 350 huko Dayton, bondeni. Kileleni bila tabochaja ilitoa 230, na ikiwa na tabochaja ikatoa 356. Namba hizo tatu ndizo hoja kamili ya tabochaja, na zilipatikana injini ikiwa imesimama ardhini.

Tarehe 27 Februari 1920, Rudolph Schroeder aliipandisha ndege ya LePère yenye tabochaja hadi zaidi ya mita 10,000 juu ya Dayton. Injini haikumwangusha. Kilichomshinda ni hewa yake mwenyewe: oksijeni ilikatika, akazimia, na ndege ikaporomoka maelfu ya mita kabla hajazinduka na kutua.

Siku hiyohiyo, ndege ya Vickers Vimy Commercial iliyokuwa ikielekea Cape Town, ikimchukua mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell, ilianguka ikipaa Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hitilafu za injini zilikuwa zimeiandama safari, na si haki kuulaumu wepesi wa hewa peke yake. Lakini katika kimo hicho, kwa nyuzijoto 30, hewa huwa pungufu kwa karibu asilimia 17, na ndege nzito yenye injini isiyo timamu haina akiba. Siku chache baadaye, tarehe 6 Machi, Silver Queen II ya Pierre van Ryneveld na Quintin Brand ilishindwa kupata kimo ikaanguka Bulawayo. Marubani hao walimaliza safari kwa ndege nyingine, DH.9.

Matukio mawili ya siku moja yanafundisha jambo moja kutoka pande mbili. Tabora hapakuwa na akiba ya nguvu, na kikwazo cha kwanza kikatosha. Dayton nguvu iliongezwa, na kikwazo kilichofuata kikajitokeza. Kuondoa mpaka mmoja ni kukaribisha mwingine, na fundi asiyejua mpaka unaofuata uko wapi ataujua akiwa angani.

5.0 Kutoka shirika hadi karakana ya mtu binafsi

Usafiri wa anga wa kibiashara ulijibu tatizo hili kwa kununua jibu tayari. Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1946, lilianza na ndege za Rapide zenye injini zisizolishwa hewa kwa nguvu. Baadaye lilitumia DC-3, ambazo injini zake zilikuwa na supachaja inayozungushwa na injini yenyewe. Katika kila hatua, anayebeba dhamana ya hewa ya ziada alikuwa kiwanda.

Muundaji binafsi hana kiwanda nyuma yake. Tangu 2010 vyombo vya habari vimeripoti juu ya Wakenya waliojifunza wenyewe kuunda ndege katika nyanda za juu kwa kutumia injini za magari. Huko kishawishi cha tabochaja kina mantiki, kwa kuwa tabochaja za malori ya dizeli zinapatikana na mafundi wa barabara kuu wanazifahamu. Lakini dizeli na petroli hazina tabia moja. Tabochaja huipasha moto hewa inapoibana. Katika injini ya petroli, hewa hiyo ya moto huweza kusababisha mchanganyiko kulipuka ndani ya silinda wakati usio wake, na pistoni ikatoboka. Kwa hiyo kinahitajika kiwango kidogo cha mbano, rejeta ya kupoza hewa, pampu ya petroli inayofuata msongo wa hewa, valvu ya kupunguza gesi, na njia ya mafuta ya kulainishia isiyoziba. Rotax 914, injini yenye tabochaja iliyotengenezwa mahususi kwa ndege ndogo, hutoa nguvu farasi 115, lakini kwa dakika tano tu za kupaa. Baada ya hapo mpaka wake ni 100. Hata mtengenezaji mwenyewe ameiwekea pumzi hiyo saa.

6.0 Hitimisho

Kwa ndege ya nyumbani inayoruka Pongwe na pwani yake, makala haya yanahitimisha kwamba tabochaja haina hoja ya kutosha. Upungufu wa asilimia 7 hufidiwa vyema zaidi kwa kupunguza uzito, kwa rafadha inayofaa, kwa upozaji bora na kwa kuruka asubuhi. Hayo ndiyo yaliyofanyika Niororo na Mafia kwa namna yake. Kwa ndege inayokusudia kupanda ngazi hadi Arusha au Nairobi, hoja ipo, lakini inadai mfumo mzima pamoja na kipimo cha ardhini kabla ya kuruka, kama Moss alivyofanya.

Ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka mara nyingi huelezwa kuwa kikwazo kwa ubunifu wa wenyeji. Historia iliyopitiwa hapa inautetea kwa sababu nyingine: huo ndio Pikes Peak ya mtu asiye na mlima wala maabara. Kinachokosekana ni mahali ambapo fundi angeweza kuifunga injini yake, kuipima, na kuiona ikishindwa bila mtu kufa. Mahali hapo pakiwekwa pwani, kwenye ngazi ya chini ya mpando huu, ubunifu wa mafundi utapata kipimo ambacho kwa zaidi ya karne moja umekuwa ukikikosa.