Plagi Iliyoingia

Mwaka 2005, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, niliunguza kompyuta ya shule na kumwachia mwalimu wangu lawama. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilichomeka plagi vibaya. Nilipokuja kuisoma historia ya plagi ile, niligundua kwamba niliichomeka sawasawa. Kosa langu lilikuwa jingine.

Kompyuta zilikuwa nne, msaada kutoka Marekani, zimeshatumika ofisini huko miaka kadhaa. Ya kwanza ilikufa siku ileile tulipoifungua. Nyuma ya pawa saplai palikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti, 115 au 230. Umeme wa nyumbani kwa Wamarekani ni kama volti 120, wa kwetu ni 230, na swichi ilikuwa bado imekaa upande wa huko ilikotoka. Ukasikika mlio mmoja kama wa fataki, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Mwalimu wetu wa fizikia, ambaye alikuwa pia mwalimu wa kompyuta kwa sababu hapakuwa na mwingine, alizisogeza swichi za zile tatu zilizobaki kwa ncha ya kalamu. Kisha akaifungua ile iliyokufa, akang'oa pawa saplai na kunikabidhi pamoja na shilingi elfu ishirini kutoka mfukoni mwake. Likizo nilikuwa nakaa kwa shangazi, Ilala.

"Kariakoo hutakosa," alisema. "Angalia tu plagi zifanane."

Niliangalia. Pini 20 katika safu mbili za kumikumi. Vishimo vingine vya mraba, vingine vimekatwa pembe. Ubavuni kuna kikucha cha kuishikilia isichomoke. Muuzaji alitoa mpya kwenye boksi, tukaziweka plagi mbili kwenye kaunta, moja kando ya nyingine. Zilikuwa mapacha. Nililipa, nikaondoka nikijiona fundi.

Imani ile ya kutazama umbo na kuridhika haikuwa ujinga. Ilikuwa imejengwa kwa miaka mingi.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, Agosti 1981, pawa saplai iliyokuwa ndani ilikuwa na wati 63.5, pungufu ya balbu ya wati 75. Kampuni ilikuwa na haraka, kwa hiyo ilinunua vipuri vingi kwa watu wengine, na michoro ya saketi ikaichapisha katika kitabu cha ufundi. Kufikia mwisho wa 1982, Columbia Data Products na Compaq walikuwa wameshatangaza kompyuta zilizoweza kuendesha programu zilezile. Wengine wakafuata, wakanakili hata mahali pa skrubu na plagi za umeme. Hivyo ndivyo ilivyowezekana pawa saplai ya kiwanda kimoja kuingia katika kompyuta ya kiwanda kingine. Hakuna mkutano ulioamua hivyo. Ni watu waliigana hadi kuigana kukawa kanuni.

Lakini mpangilio ule ulikuwa na mtego. Umeme uliingia kwenye mazabodi kwa plagi mbili za pini sita sita, P8 na P9, zilizokaa bega kwa bega. Ilikuwa rahisi kuzibadilisha nafasi, na ukizibadilisha unaweza kuua mazabodi. Mafundi walirithishana kanuni moja kwa mdomo: nyeusi kwa nyeusi. Kila plagi ilikuwa na nyaya nyeusi upande mmoja, na ulipozichomeka sawasawa, nyaya hizo zilikutana katikati. Asiyeambiwa kanuni hiyo angeijifunza kwa hasara.

Mwaka 1995 Intel ilitoa mpangilio mpya, ATX, ulioziunganisha plagi mbili zile kuwa moja ya pini 20. Ile michanganyiko ya vishimo vya mraba na vilivyokatwa pembe niliyoitazama Kariakoo ilikuwa na kazi: kuizuia plagi isiingie kinyume. Rangi nazo zilikuwa na maana. Waya wa chungwa ni volti 3.3, mwekundu ni 5, wa njano ni 12, na nyeusi ni za kurudishia umeme. Wa kijani ndio ambao mazabodi huutumia kuiamuru pawa saplai iwake. Wa kijivu huleta jibu kwamba umeme umeshatulia. Wa zambarau hubeba volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi tu imechomekwa ukutani. Kanuni iliyokuwa mdomoni mwa fundi ikahamia kwenye plastiki. Ikiingia, ni yake.

Kisha, miaka ya mwisho ya 1990, kampuni moja kubwa ya Marekani ikachukua plagi ileile, yenye pini 20 zilezile na kikucha kilekile, na kubadilisha mpangilio wa nyaya ndani yake. Volti 3.3 ziliondolewa kabisa kwenye plagi kuu na kupelekwa kwenye plagi ndogo ya pembeni, yenye pini sita. Pawa saplai yao kwenye mazabodi yao ilifanya kazi bila tatizo. Ukichanganya moja yao na kifaa cha kawaida, plagi inaingia, kikucha kinalia "tak", na umeme unapita njia zisizo zake. Aliyenunua kompyuta mpya na kuitupa baada ya miaka mitatu hakuwa na sababu ya kujua hilo. Angelijua yule ambaye kompyuta ingemfikia baadaye, akiwa na bisibisi mkononi.

Kompyuta zetu zilikuwa za aina hiyo.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu aliniachia kazi niifanye mwenyewe, yeye amesimama nyuma yangu. Plagi iliingia. Kando yake, kwenye mazabodi, palikuwa na soketi ndogo ya pini sita iliyobaki tupu. Mwalimu aliinama, akaigusa kwa kalamu yake.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya ziada, Mwalimu. Muuzaji kasema haina shida."

Muuzaji hakusema kitu kama hicho. Sikumwonyesha mazabodi, hakuwahi kuiona soketi ile. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa mbele ya wenzangu na nilitaka kuwa anayejua. Mwalimu aliniamini. Kwenye kabati la maabara, hatua kumi kutoka tulipokuwa, palikuwa na mita ya kupimia volti.

Sikufika hata kwenye kitufe. Tuliwasha swichi ya ukutani, moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye mazabodi. Mkuu wa shule alipouliza, Mwalimu alijibu, "Nilikagua mwenyewe." Alinyang'anywa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Hadi namaliza kidato cha nne, chumba kile kilifunguliwa kwa wageni tu. Mimi nilikaa kimya.

Leo natengeneza kompyuta kama kazi ya pembeni, na historia ile haijaisha. Mwaka 2000, Pentium 4 ilikuja na plagi ya ziada ya pini nne kwa ajili ya prosesa. Mwaka 2003 plagi kuu ikawa na pini 24, na ndiyo maana pawa saplai nyingi zina kipande cha pini nne kinachobanduka, ili zikubali mazabodi za zamani pia. Kuna plagi ya pini nane ya prosesa na nyingine ya pini nane ya kadi ya picha: zinafanana kwa mbali, lakini mahali ambapo moja ina volti 12, nyingine ina waya wa kurudishia umeme. Kuna pawa saplai ambazo nyaya zake huchomoka pande zote mbili, na upande wa kwenye pawa saplai kila kiwanda kina mpangilio wake. Na kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika hazina plagi ya pini 24 kabisa. Zina ya pini sita, nane au kumi, na mazabodi hupokea volti 12 kisha hujitengenezea 5 na 3.3 yenyewe.

Kwa hiyo sianzi na umbo. Nasoma namba ya modeli ya mazabodi na kutafuta jedwali la pini zake. Nahesabu pini, naangalia rangi dhidi ya jedwali. Kama kompyuta ni ya kampuni kubwa, siziamini rangi: naunganisha pini ya kuwashia na ya kurudishia umeme, kama jedwali linavyoonyesha, pawa saplai ikiwa peke yake, haijaguswa na mazabodi, napima kila pini kwa mita. Soketi yoyote inayobaki tupu naiulizia hadi nipate jibu.

Mwaka jana nilipata namba ya Mwalimu. Amestaafu, analima. Nilimsalimia shikamoo, nikamweleza yote: plagi, ile kampuni, na yale maneno ya muuzaji ambayo muuzaji hakuyasema. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ile soketi ndogo," akauliza, "ilikuwa ya nini basi?"

"Volti 3.3, Mwalimu."

Nilisikia kuku wakilia upande wake wa simu.

"Mita ilikuwa kabatini," alisema. "Tungeipima."