Hizi kazi za mtandaoni, wanaozifanya ni akina nani?

Kila nikikaa kafe hapa Tarime mjini lazima jamaa mmoja aniulize: "Kaka, hizi kazi za kwenye neti ni za kweli au usanii?" Za kweli zipo, ila kwanza tuwajue wanaozifanya.

Mwaka 2021 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa ripoti kubwa kuhusu watu hawa. Wengi ni vijana wa chini ya miaka 35, wanaishi mjini, na zaidi ya nusu wana digrii. Wanawake ni kama 4 kati ya 10, lakini kwenye nchi zinazoendelea kama yetu ni 2 tu. Dada zetu wa Mugumu na Nyamongo, mpo?

Wanaandika programu, wanachora nembo, wanatafsiri, wanasikiliza sauti na kuziandika. Kuna pia kazi ndogondogo, mfano kuweka alama kwenye picha ili kompyuta ijifunze. Hizo hata sisi wa kidato cha nne tunaziweza, sema wenye digrii nao wamejazana humohumo.

Haya, pesa. Kwenye ripoti hiyo ya 2021 wastani ulikuwa dola 3.4 kwa saa, ila nusu yao hawakuvuka dola 2.1. Na hapo umehesabiwa muda wa kutafuta kazi, ambao haulipwi: kwa wiki ya saa 27, kama saa 8 zinakwenda bure. Mwenye kompyuta yake nyumbani atavumilia. Wewe wa kafe unatafuta bure huku dakika zinahesabiwa!

Usalama wa kazi nao mdogo. Wenzetu ng'ambo ya Sirari, Kenya, wametutangulia mbali, serikali yao ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016. Lakini Machi 2024 mtandao wa Remotasks ulifunga shughuli zake Kenya, watu wakabaki wanashangaa.

Mimi mwenyewe nililizwa 30,000, "ada ya usajili" ya kazi ya kuchapa. Nilipotuma tu, namba haikupatikana tena. Jamani, anayekuomba hela kabla hujafanya kazi, mkimbie.

Bado natafuta kazi ya kuandika sauti za Kiswahili. Siku hizi maombi nayaandika kwenye daftari nyumbani, nikifika kafe nachapa na kutuma. Nusu saa inatosha.