Budapest: Wafu Wasioachwa Wapumzike

Tarehe 16 Juni 1989, umati mkubwa ulifurika Uwanja wa Mashujaa jijini Budapest kuaga majeneza sita. Matano yalibeba mabaki ya Imre Nagy, waziri mkuu wa Hungaria wakati wa mapinduzi ya 1956 dhidi ya udhibiti wa Kisovieti, na wenzake. La sita lilikuwa tupu, kwa heshima ya waasi wengine waliouawa. Nagy alinyongwa tarehe kama hiyo mwaka 1958, na baadaye akazikwa kifudifudi katika Kiwanja namba 301, pembezoni mwa makaburi ya jiji, bila jina. Siku ya kumzika upya, kijana wa miaka 26, Viktor Orbán, alipanda jukwaani akadai majeshi ya Kisovieti yaondoke.

Mazishi yale yaliharakisha mwisho wa ukomunisti nchini Hungaria. Yalifungua pia mvutano ambao haujaisha: nani aliliwe, na nani abebe lawama.

Februari 2002, Orbán akiwa waziri mkuu, lilifunguliwa jumba la makumbusho liitwalo Nyumba ya Vitisho, katika barabara ya Andrássy namba 60. Mwaka 1944 hapo palikuwa makao ya mafashisti wa Kihungaria. Baada ya vita, polisi wa siri wa wakomunisti wakapafanya pa kutesea watu. Wakosoaji walilalamika kwamba ukomunisti ulipewa vyumba vingi, na maangamizi ya Wayahudi yakaachiwa nafasi finyu.

Kelele zilizidi Julai 2014, serikali ilipojenga usiku mnara wa wahanga wa uvamizi wa Wajerumani katika Uwanja wa Uhuru. Malaika Jibrili, mfano wa Hungaria, anashambuliwa na tai wa Ujerumani. Ukiutazama, utadhani Wahungaria wote walionewa tu. Lakini kati ya Mei na Julai 1944, Wayahudi wapatao 437,000 walisafirishwa, wengi wao hadi Auschwitz, na waliowakusanya na kuwasukumia kwenye mabehewa walikuwa askari wa Hungaria. Kikulacho ki nguoni mwako. Wananchi walijibu kwa kupanga mbele ya mnara huo picha za jamaa zao, masanduku ya safari, mawe na barua. Serikali haikuwahi kuuzindua rasmi.

Desemba 2018 ikawa zamu ya Nagy. Sanamu yake iliyokuwa jirani na Bunge iling'olewa na kuhamishiwa uwanja mwingine. Mahali pake pamerudishwa nakala ya mnara wa 1934 wa wahanga wa utawala wa kikomunisti wa 1919. Serikali iliyofanya hivyo iliongozwa na Orbán, yule yule aliyehutubia mbele ya jeneza la Nagy.

Wahanga wa ukomunisti wanastahili kukumbukwa, kama wanavyostahili wa Auschwitz. Serikali inayotumia msiba mmoja kufunika mwingine haijawaenzi wahanga wa upande wowote, imewalinda wauaji.