Bi Harusi wa Mkwajuni na Msuko wa Kubana: Historia Tunayoibeba Kichwani



Ukitaja Mkwajuni hapa visiwani, kila mtu anafikiria Mkwajuni yetu ya Kaskazini Unguja. Iko nyingine, mbali kabisa, kule bara kusini-magharibi: makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukifika Mbalizi unaingia barabara ya Galula, na vumbi ndilo linalokukaribisha. Ni nchi ya dhahabu, sehemu ya ukanda wa Lupa ambao tangu miaka ya 1920 umevuta watu wa kila kabila. Jamaa zetu walihamia huko kufuata biashara, na binti yao alipoposwa tuliitwa. Tulibeba singo, hina, udi na chupa mbili za mafuta ya nazi. Tulijua kazi yetu ni kumsinga mwari tu.

Siku mbili kabla ya nikaha tulikaa naye chumbani kumfumua rasta zake. Alikuwa nazo wiki saba. Tulipomaliza na kumchana, mkono wa mmoja wetu ulisimama. Kuanzia juu ya sikio mpaka kwenye paji la uso, pande zote mbili, ngozi ilikuwa laini inang'aa. Mbele kabisa kulibaki nywele chache fupi, nyembamba kama manyoya ya kifaranga, nyuma yake uwazi wa upana wa vidole viwili. Mama yake alishika mdomo. "Mwanangu anajifunika tangu mdogo," akasema, "ningejuaje?"

Binti hakulia. Alimgeukia mkubwa wetu akamwambia kwa sauti ndogo: "Bibi, naomba mnishonee wivingi ifunike hapa. Nikivua mtandio mbele ya mume wangu ataona."

Wengi wetu tulikumbuka kisa kile kile kwa wakati mmoja. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mwanamke wa Kiansari alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa ameolewa. Binti huyo aliugua na nywele zake zikapukutika, na mama akauliza kama anaweza kumuunganishia nywele nyingine. Mtume hakumruhusu. Tumekisikia kisa hiki darasani mara nyingi kama hukumu ya kuunga nywele, tukapita. Siku ile, tukiwa na binti wa watu mbele yetu, kwa mara ya kwanza tulimfikiria yule mama: aibu aliyoibeba njiani, na kwamba hakuona haya kuuliza.

(Kuhusu nyuzi za sufi au hariri zisizofanana na nywele, wanazuoni wametofautiana. Muulize shekhe unayemwamini, si sisi.)

Tuliporudi Unguja jambo hili halikutuacha. Kusuka ni kwetu, ni kwa mama zetu na bibi zetu. Vipi kitu cha kwetu kimuumize mtoto namna hii? Ndipo tukaanza kufuatilia historia yake, na tukaona kwamba msuko wenyewe si mgeni hata kidogo.

Mama wa Waumini Ummu Salama, radhiya Llahu anha, alimweleza Mtume kwamba yeye ni mwanamke anayesuka nywele zake kwa kuzikaza, akauliza kama anapaswa kuzifumua kwa ajili ya josho la janaba. Alijibiwa kwamba inamtosha kujimwagia kichwani teko tatu za maji, kisha ajimwagie mwilini. Ummu Atiyya naye anaeleza jinsi walivyomkosha binti ya Mtume alipofariki, wakazigawa nywele zake misuko mitatu wakailaza nyuma yake. Kwa hiyo mtu asitwambie kwamba kusuka ni ushamba. Lakini angalia vizuri: hizo zilikuwa nywele zao wenyewe, misuko michache. Hakukuwa na kilo ya nyuzi iliyoning'inizwa juu yake.

Kwetu Zanzibar, habari nzuri kuliko zote tumeipata kwa Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anasimulia kwamba watoto wa kike wa jumba la Sultani walisukwa misuko myembamba kama ishirini, na mapambo ya dhahabu, mengine yenye vito, yakafungwa kwenye ncha. Tulipofika hapo tulitikisa kichwa: dhahabu juu ya nywele za mtoto! Ila anaongeza jambo ambalo wasusi wetu wa leo wangelisoma mara mbili. Usiku mapambo yale yalivuliwa, na asubuhi yakafungwa tena. Uzito ulikuwapo, lakini kila siku kichwa kilipata saa zake za kupumzika.

Mageuzi makubwa yalikuja kutoka kiwandani. Mwaka 1957 Wajapani walianza kutengeneza nyuzi za Kanekalon, ambazo baadaye zilienea duniani kote kama nywele za kusukia. Bara, serikali haikuwa na hamu nazo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 mawigi, sketi fupi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua vikapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilipita kama upepo. Zikaja dawa za kunyoosha, zikaja kalikiti, zikaja rasta za kila urefu. Leo mji wa mpakani kama Tunduma, ambako reli ya TAZARA na malori ya Zambia hupita, unapata mtindo mpya pengine kabla ya Darajani. Yule mwari wetu alikuwa akisukwa huko tangu amalize shule. Alipokuwa shuleni alinyolewa kama wasichana wengi wa bara. Alipomaliza, akataka kulipiza miaka yote ile kwa mara moja. Nani angemlaumu?

Zamani misuko mingi ilikuwa ya muda mfupi. Hata jina la twende kilioni lenyewe linakwambia: ni msuko wa haraka, umepata habari ya msiba, unasukwa unaondoka, ukirudi unafumua. Msuko unaokaa wiki saba, uliokazwa ili "ukae", umebeba nywele nzito kuliko zako, na chini yake nywele zimeshalainishwa kwa dawa, huo ni kitu kingine kabisa hata kama mkono unaosuka ni ule ule.

Madaktari walilijua tatizo hili kitambo, na wa kwanza kuandikwa si Waafrika. Mwaka 1907 ziliandikwa habari za wanawake wa Greenland, kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele zao zote juu kwa kuzivuta sana mpaka zikatoka pembeni. Limeonekana pia Japani kwa mitindo yao ya kale, na kwa Masingasinga wanaokaza fundo la nywele chini ya kilemba. Basi si laana ya nywele za kipilipili. Ni mvuto tu. Chochote kinachovuta unywele siku nenda rudi kitaung'oa.

Afrika Kusini ndiko walikohesabu. Mwaka 2007 Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: kati ya wasichana wa shule, asilimia 17.1 walikuwa na dalili za upara wa kuvutwa. Kati ya wanawake wazima, asilimia 31.7. Karibu mmoja katika kila watatu. Na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliosuka au kushonea juu ya nywele zilizotiwa dawa.

Namna inavyotokea ni hivi. Kila unywele umepandwa ndani ya kijishimo kwenye ngozi. Ukivutwa kwa saa nyingi, kijishimo kinavimba. Ndiyo maana siku ya kwanza huwezi kuinua nyusi, unameza Panadol na kulala kifudifudi. Ndiyo maana vinatoka vipele vidogo, vingine na usaha, kwenye mizizi ya misuko ya mbele. Tukilalamika tunaambiwa ukitaka uzuri sharti udhurike, na tunanyamaza. Hatua hiyo ya mwanzo inaponyeka: ukiacha kuvuta, nywele hurudi, ingawa kwa subira, maana unywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi. Ukiendelea miaka, uvimbe unageuka kovu na kijishimo kinaziba. Hapo kitunguu hakisaidii, mafuta ya habasoda hayasaidii, wala ya nazi tuliyokwenda nayo Mkwajuni. Ngozi inayong'aa bila matundu ndiyo dalili yake. Zile nywele chache za mbele kama za kifaranga zilikuwa zile fupi ambazo msusi hakuzipata kuzishika.

Neno moja la kuwatuliza. Kichwa chenye afya humwaga nywele kama 50 mpaka 100 kwa siku. Ukikaa na rasta wiki sita, zote zimenaswa humo, na siku ya kufumua zinatoka furushi. Hilo lisikutishe. Cha kutisha ni ukingo unaorudi nyuma.

Na sisi tunaovaa hijabu tuna letu. Hijabu haitoi nywele; fundo la juu linalokazwa kila asubuhi ili mtandio ukae wima ndilo linalozitoa, na kofia ya ndani inayobana pale pale kwenye paji. Kisha kwa kuwa hatuonekani, hatujitazami. Mama wa mwari alisema kweli: angejuaje? Ndiyo maana tunawaomba mama na masomo wasisubiri wiki ya harusi. Mfumue mwari miezi mitatu kabla, mtazame pembeni za kichwa chake kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vipele au uwazi, mpeleke kwa daktari wa ngozi. Kwa wa bara, tangu 1992 kipo kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi KCMC, Moshi, na waliosomea pale wametawanyika katika hospitali nyingi.

Msusi naye aambiwe. Si utovu wa adabu kumwambia, "Dada, legeza hapa mbele, naumia." Asukie nywele zako za pembeni bila kuziongezea kitu, au aziache nje kabisa. Anayekasirika kwa hilo, lipa ulichosukwa, uondoke.

Usiku ule Mkwajuni hatukushona wivingi. Mkubwa wetu alimwambia binti, "Mwanangu, mwambie mwenyewe kabla hajaona. Mtu anayeambiwa haoni sawa na mtu anayegundua." Tulimpaka mafuta, tukamsuka mashungi mawili malegevu yakalala mabegani, tukamfunga na asumini. Alitazama kioo muda mrefu. Hatukujua kama ameridhika au amechoka tu kubishana na watu wazima.

Miezi mitano baadaye alitupigia simu. Mume alikuwa ameambiwa, akauliza tu kama inauma. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali. Upande wa kushoto, alisema, zimeanza kuota, ukigusa unazisikia. Wa kulia bado.